Jaribio la Kumi na Tano

Wageni wakimuuliza mume wangu mkewe anafanya kazi gani, hujibu kwamba napika mawe. Wageni hucheka, na mimi hucheka nao ili yaishe. Alikuwa mpima ramani kabla ya kustaafu, hesabu anazijua vizuri, lakini baada ya miaka thelathini ya ndoa bado hajui kemia isokaboni ni mdudu gani. Zamani nilijaribu kumweleza. Nilimwambia ni kemia ya metali, jinsi metali inavyovishika vitu viwili visivyotakana, ikavikutanisha, halafu ikajiondoa. Akasema basi ni mshenga. Siku hiyo nilinuna, lakini mpaka leo sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Mshenga wangu mimi alikuwa chuma. Nikiwa na miaka thelathini na mitatu nilitengeneza unga wa kijani wenye chuma ndani yake, na unga huo ukaweza kuunganisha molekuli mbili ambazo zikiachwa peke yake hazitazamani hata kwa wiki nzima ya moto. Duniani kote kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na paladi, metali adimu ya ukoo mmoja na platini, inayofungiwa kabatini na kutolewa kwa kijiko kidogo. Mimi niliifanya kwa chuma, kitu cha misumari na masufuria. Makala niliyoandika ilisomwa mbali. Kwa sababu yake nilipewa maabara, nikapewa wanafunzi, na watatu kati yao wakapata shahada ya uzamivu kwa unga ule ule.

Nilichokuwa sina ni uprofesa. Nilikuwa mhadhiri mwandamizi kwa miaka kumi na saba. Vijana niliowafundisha kushika chupa ya asidi bila kujiunguza walinipita njiani wakielekea huko, wengine wakinipungia mkono. Kila mara kamati ilikuwa na sababu: mara makala hazitoshi, mara zinatosha ila ni za jambo moja, mara mwenyekiti anasafiri. Mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na tisa, ndipo wakaniita. Kikao kilipangwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Mwakani nastaafu, kwa hiyo ilikuwa ama Alhamisi hiyo ama basi tena. Dada yangu mkubwa, ambaye hunipigia simu kila Jumapili, alikwisha kuanza kuniita Profesa. Nilimkataza, nikamwambia mtoto hapewi jina akiwa tumboni, lakini nilifurahi na yeye alijua kwamba nimefurahi.

Sasa niwaeleze habari za Bibi, maana bila Bibi hakuna hadithi.

Maabara yangu niliirithi kwa mzee mmoja aliyekuwa mtu wa paladi maisha yake yote. Aliniachia meza zenye mabaka, rafu zisizofungika, Fundi wa maabara, na mtungi wa vidonge. Vidonge tunaviita hivyo kwa umbo tu. Ni vipande vidogo vya sumaku vilivyovikwa plastiki nyeupe. Unakitumbukiza kimoja ndani ya chupa, unaiweka chupa juu ya mashine, nacho kinazunguka na kukoroga. Kidonge hakitupwi. Kinaoshwa kwa asidi, kinasuuzwa, kinarudi mtungini, na Fundi alikuwa mkali kwa jambo hilo kama mama mwenye nyumba anayehesabu vijiko.

Kidonge kimoja katika vile vya mzee kilikuwa kikubwa, kimechakaa, kina mikwaruzo yenye weusi ndani yake. Tulikiita Bibi. Sijui nani alianza kusema kwamba jaribio linalokorogwa na Bibi haliharibiki. Naogopa ni mimi. Mwanafunzi akikaribia mtihani, mgeni akija kutazama, au tukitaka matokeo ya kuandikia makala, tulisema, "Mpeni Bibi akoroge." Tulisema huku tunacheka. Sisi watu wa sayansi tunapenda kuwa na ushirikina mmoja mdogo wa kutania, kwa sharti kwamba hakuna anayeuamini. Mimi sikuuamini hata chembe, ila kwa miaka ishirini na sita sikuwahi kufanya jaribio la maana bila Bibi.

Mwezi wa pili mwaka huu Bibi alimponyoka Fundi katika karo la kuoshea, akatumbukia kwenye bomba. Fundi amekula chumvi nyingi kuliko mimi, na kwa miaka yote hiyo hajavunja hata chupa mbili. Aliogopa kuniambia. Alinyamaza, akaweka kidonge kingine kikubwa mahali pake, akamwomba Mungu nisitazame mtungini, na kweli sikutazama.

Wakati huo nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa uzamivu, binti wa mwaka wa tatu tuliyemwita Kimya, kwa kuwa alikuwa anaweza kushinda maabara kutwa nzima asitoe neno. Ghafla kazi yake ikafa. Jaribio lililokuwa likimpa fuwele nyeupe zilizojaa chupa likawa linampa maji ya kahawia. Akarudia. Akatengeneza unga mpya, akasafisha vyombo upya, akarudia tena. Wiki tano. Alikuja ofisini kwangu kila Ijumaa akasimama mlangoni na daftari lake, nami nikamwambia apime vizuri, afunge chupa vizuri, aache haraka. Katika wiki hizo hizo ilikuja barua kutoka maabara moja ya mbali. Wameujaribu unga wa kijani mara tisa bila mafanikio, wanaomba kwa heshima niwape maelekezo zaidi. Niliwajibu kwamba kazi hiyo inahitaji ujuzi wa mikono, na kwamba ujuzi hautumwi kwa barua. Niliisoma mara mbili kabla ya kuituma, nikaipenda.

Ijumaa ya tano Kimya alisimama mlangoni kama kawaida, na mimi nilikuwa napanga karatasi zangu za kamati. Sikumkaribisha kiti. Nilimwambia, "Mikono yako haina kemia."

Alitazama mikono yake, kweli aliitazama, halafu akaondoka. Mimi nikabaki na sentensi ile mdomoni, maana niliijua. Nilikwisha kumwambia mtu mwingine, maneno hayo hayo, miaka kumi na moja iliyopita. Alikuwa kijana mrefu mwenye mwandiko mzuri, na alikuja kwangu akiwa wa kwanza katika darasa lake. Majaribio yake hayakutoka hata moja. Nilimvumilia mwaka mmoja na nusu, nikamwandikia mkuu wa idara kwamba hafai, naye akaenda zake. Sikuwa nimemfikiria kwa miaka mingi.

Jumatatu iliyofuata Fundi alikuja kukiri. Nadhani alimwona Kimya analia kwenye ngazi, akashindwa kuvumilia. Alisema, "Mama, Bibi yumo kwenye bomba. Mimi ndiye niliyemwangusha." Nilitaka kucheka. Nilimwambia kidonge ni kidonge, asijitese. Lakini alikwenda kuchukua spana, akalala chali chini ya karo kwa umri ule, akafungua kiwiko cha bomba, na Bibi akatoka amezungukwa na uchafu. Akaoshwa. Kwa kutania tu nikasema, haya, mpeni akoroge.

Saa sita baadaye chupa ya Kimya ilikuwa imejaa fuwele nyeupe mpaka shingoni. Fundi alipiga makofi. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama nusu saa hivi. Kisha nikamwona Kimya. Hakuwa na furaha. Alikuwa anakitazama kile kidonge, halafu ananitazama mimi, halafu anakitazama tena. Nilijua anafikiria nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kufikiria hilo hilo. Nikamwambia aende akapumzike, arudi wiki ijayo.

Jumamosi asubuhi nilikwenda maabara peke yangu. Nilivaa koti, nikatoa vyombo vipya ambavyo havijawahi kuguswa, nikapima kila kitu kama kilivyoandikwa katika makala yangu ya kwanza. Kila kitu isipokuwa unga wa kijani. Hakukuwa na chuma ndani ya chupa ile hata kidogo. Nikamtumbukiza Bibi, nikawasha mashine, nikakaa juu ya stuli kumtazama akizunguka.

Mtu asiye wa kazi hii anaweza asielewe. Bila chuma, chupa ile ilitakiwa ibaki maji matupu. Fuwele zikitoka, maana yake chuma hakikuwa kinafanya kazi yoyote, na hakijawahi kufanya. Maana yake ni kwamba paladi ya yule mzee, aliyokuwa akikoroga kwa Bibi miaka na miaka, iliingia katika mikwaruzo ya plastiki ikakaa humo, na kazi yote niliyoiandika kwa jina la chuma ilifanywa na uchafu mweusi usiozidi punje ya chumvi. Jaribio hilo ni la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Unaondoa kitu unachokisifu, unaona kama kazi itaendelea bila ya kuwepo kwake. Nilikuwa nimelifanya zamani, bila shaka nililifanya, kwa vidonge vipya vya kuazima kutoka chumba cha jirani, siku moja, mara moja, fuwele hazikutoka, nikaandika kwamba chuma ndicho kila kitu.

Zilianza kushuka saa saba mchana. Nilizichuja, nikazikausha, nikazipima. Katika kila sehemu mia, tisini na moja ziliungana. Kwa chuma changu sikuwahi kuvuka themanini na tisa.

Nililia pale pale juu ya stuli, nikiwa na miwani ya maabara usoni, mpaka ikajaa ukungu nikashindwa kuona. Niliwaza mambo ya kijinga. Niliwaza ningekufa mwaka jana kwa malaria au kwa ajali yoyote, ningekufa mtu wa maana. Kisha niliosha vyombo, kwa sababu havioshwi vyenyewe, nikaenda nyumbani.

Mume wangu alikuwa anakarabati mguu wa meza barazani. Nilimweleza mara hii bila mshenga wala mawe, na mara hii alielewa. Aliweka nyundo chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi peke yangu. Yule binti anahisi."

"Kuhisi si kujua," alisema. "Alhamisi nenda, chukua uprofesa wako. Ukistaafu uwaambie."

Si mtu mbaya. Alikuwa ananitetea, na nilijua anayosema ndiyo watu wenye akili timamu wangeyasema. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja. Ile maabara ya mbali ilikwisha kukata tamaa na barua yangu ya dharau. Chuma changu kilikuwa hakimdhuru mtu; hakuna aliyekimeza wala aliyejenga daraja kwacho. Jumamosi yote na Jumapili nilikuwa upande wa mume wangu. Dada alipopiga simu akaniuliza Profesa anaendeleaje, nilimjibu kwamba haendelei vibaya.

Jumatatu nilikwenda stoo kutafuta madaftari ya zamani. Nilijiambia kwamba naenda kutafuta jaribio hata moja lililofanikiwa bila Bibi, moja tu, nilishikilie. Nilipekua mpaka vidole vikawa vyeusi. Badala yake nilikuta daftari la yule kijana mrefu. Majaribio kumi na manne, yote yameshindwa, yote kwa wino wa bluu na mistari iliyonyooka. Kila mahali pa kuandika chombo cha kukorogea, alikuwa ameandika: kidonge kipya. Nikakumbuka. Alikuwa hataki Bibi. Tulimcheka kwa hilo, mimi wa kwanza. Alisema kama kazi ni ya chuma basi haihitaji bahati, akaomba vidonge vyake mwenyewe, na kila asubuhi alivikagua kwenye mwanga. Katika maabara yangu yote, kwa miaka ishirini na sita, huyo ndiye mtu pekee aliyefanya jaribio langu sawasawa, na kwa mara kumi na nne mfululizo alipata jibu sahihi. Pembeni mwa kila ukurasa kulikuwa na wino wangu mwekundu. Uzembe. Rudia. Uzembe. Baada ya jaribio la kumi na nne kurasa zilikuwa tupu.

Nilikaa sakafuni stoo, na pale ndipo niliposhindwa kubaki upande wa mume wangu. Ningeweza kuishi na chuma cha uongo. Watu wanaishi na mambo makubwa kuliko hayo. Lakini yule mtu alikuwa mahali fulani, akijijua kama nilivyomjulisha mimi.

Jumatano niliandikia jarida kuiondoa makala, na nyingine kumi na nane zilizoifuata. Nikaiandikia kamati. Nikawaandikia wale wa maabara ya mbali, na hiyo ndiyo barua iliyonichukua muda mrefu zaidi. Mhariri wa jarida alijibu kwa mistari minne. Mwenyekiti wa kamati alinipigia simu, akausifu uaminifu wangu kwa muda wa dakika mbili, akasema kwa bahati mbaya jina langu limeondolewa kwenye orodha, na nyuma yake nilisikia vikombe. Kati ya wanafunzi wangu watatu wenye shahada, wawili hawakujibu kabisa. Wa tatu, ambaye sasa ni mkuu wa idara kwingine, aliniambia kwamba ningewauliza kwanza kabla ya kuwavua nguo hadharani, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kimya alihamishiwa kwa msimamizi mwingine, kuanza mwaka wa kwanza upya. Alikuja kuchukua koti lake. Nilimwomba radhi kwa habari ya mikono yake. Akasema, "Asante, Mwalimu," akakunja koti, akaenda. Dada hakuniita chochote Jumapili ile. Alizungumza juu ya goti lake.

Nilimuuliza Fundi kama anajua yule kijana mrefu alikoishia. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Mbona yupo, Mama. Sabuni tunayooshea vyombo hapa tunaichukua kwake." Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nanawa mikono kwa sabuni yake.

Nilikwenda siku ya kazi, saa nne asubuhi. Nyumba ilikuwa ya kawaida, nyuma yake ua uliosakafiwa, mapipa ya plastiki ya bluu yamepangwa kwa safu, na madumu meupe yaliyooshwa yamepinduliwa kukauka. Yeye alikuwa amevaa aproni ya mpira na glavu mpaka kiwikoni, anakoroga pipa kwa mti. Kila pipa lilikuwa na karatasi iliyobandikwa, tarehe, vipimo, kwa mwandiko ule ule. Alikuwa ameota mvi kidogo juu ya masikio. Aliponiona aliacha kukoroga, akavua glavu moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

Niliitikia. Alinitolea stuli, akaifuta kwanza. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani lakini yote yalinitoka, nikamwambia tu kama yalivyo: Bibi, bomba, fuwele, chupa isiyo na chuma. Nilimwambia majaribio yake kumi na manne yalikuwa sahihi, na kwamba nilimwandikia ripoti ya uongo, ingawa sikujua kwamba ni uongo. Nilimwambia nimeiondoa makala na sikupata uprofesa. Nadhani hili la mwisho nililisema ili anihurumie, nikaona haya papo hapo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Bila chuma ulipata ngapi kwa mia?"

"Tisini na moja."

"Tisini na moja," alirudia, akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilikisia themanini."

Sikumwelewa. Akaketi juu ya dumu lililopinduliwa, mikono magotini.

"Jaribio la kumi na tano, Mwalimu. Nilikuja ofisini kwako kuliomba. Bila chuma, kwa Bibi. Nilikuwa nimeandika mpango kwenye karatasi. Ukauliza kama nimekuja kujifunza kemia au kuwinda wachawi, ukairudisha karatasi bila kuisoma. Halafu ndiyo ukasema ile habari ya mikono."

Sikukumbuka. Nawaambia ukweli, nilitafuta kichwani kote na sikuikumbuka siku hiyo. Kwangu ilikuwa asubuhi moja kati ya nyingi, labda nilikuwa na darasa, labda nilikuwa na njaa. Nilimuuliza kwa nini hakuenda kwa mtu mwingine, kwa mkuu wa idara, kwa yeyote.

"Nilikuamini," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa Mwalimu. Nilikuja na wazo na mikono, ukaniambia mikono haifai, nikaona basi na wazo halifai. Mke wangu mpaka leo kikianguka kikombe anasema mwache, huyo mikono yake haina kemia. Nilimfundisha mwenyewe. Ni utani wetu wa nyumbani."

Aliyasema bila uchungu, na ningependa angetukana. Nilimwomba radhi, akapokea kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anayepokea chenji. Halafu akaniuliza kama nimekipasua kile kidonge kutazama paladi imeingia kina gani. Nikasema bado. Akauliza Fundi alikuwa anakiosha kwa asidi gani, kali au hafifu. Nikasema hafifu, ya chumvi, siku zote. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Ndiyo sababu alidumu," alisema. "Asidi hafifu haiwezi kuiondoa paladi. Inausafisha uso wake tu. Kila mlipomwosha Bibi mlikuwa mnamnoa."

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo kwa wiki tatu, kwa nini kidonge hakikuchoka kwa miaka ishirini na sita, na sikupata jibu. Yeye alilipata akiwa amekaa juu ya dumu, katika muda wa kunywa glasi ya maji. Tukazungumza. Alichora kwa kidole kwenye sakafu yenye maji jinsi ya kupima, jinsi ya kuthibitisha, vidonge vingapi vya zamani vikusanywe na kutoka maabara zipi, maana kama sisi tulidanganywa basi hatuko peke yetu, na nusu ya makala za dunia huenda zina Bibi wake. Ilikuwa kazi, kazi halisi, nzuri kuliko yote niliyowahi kuiandika. Tulikatizana maneno. Nilisahau kwa nini nimekuja. Katika maisha yangu yote ya maabara nilikuwa nikitafuta mtu wa kuzungumza naye namna ile, wa kumwachia nilichonacho, na nilikuwa nimewapitisha wengine wote wakati huyu nimemfukuza.

Nilimwambia arudi. Maneno yalinitoka kwa pupa. Nilimwambia nitaandika kwa chuo, nitafuta ripoti yangu ya zamani, shahada yake anaweza kuimaliza kwa miaka miwili kwa kazi hii tuliyoichora, jina lake liwe la kwanza. Nilimwambia maabara inamngoja.

Alinitazama kwa upole ambao sikuwa nimeufanyia kazi.

"Maabara ipi, Mwalimu?"

Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na barua ya mkuu wa idara, iliyofika siku mbili kabla, ikinitaka nirudishe funguo kabla ya mwisho wa mwezi kwa kuwa chumba kimepewa mwingine na mimi nimepangiwa kufundisha madarasa ya awali mpaka nistaafu. Nilikuwa nimeisoma mara kadhaa. Hata hivyo nilikuwa nimemwahidi chumba kile kana kwamba ni changu.

Mteja mmoja aliingia uani na dumu tupu, akatusalimu. Yeye akainuka, akavaa glavu yake, akaenda kumpimia.